Kisanduku cha kuhifadhia video za harusi hakionekani, fundi anataka kufomati

SWALI

Kaka habari za kazi. Nimekuwa nasoma majibu unayowapa wenzangu kwa muda, sasa leo zamu yangu imefika na nakuomba usinipitie juu juu maana hapa nilipo usingizi sina.

Mi napiga picha na video za harusi, sendofu, kipaimara, maulidi, yoyote anayeniita naenda. Niko Chikongola hapa Mtwara mjini na ofisi yenyewe ni chumba kimoja cha hapa hapa nyumbani. Zamani nilikuwa naweka kazi kwenye flashi na eksteno, zikajaa droo mpaka nikawa sijui ipi ina nini, ndo mdogo wangu wa kiume akanitafutia kile kisanduku cha kuhifadhia cha netiwaki, kina diski mbili ndani, kinachomekwa kwenye ruta kwa waya afu kompyuta zote za nyumbani zinakiona. Akafunga mwenyewe, akaniwekea Z kwenye kompyuta, nikifungua Z nakuta folda ya Harusi na ndani kila familia na jina lake. Kilinitoa kwenye shida kwa kweli, nikasahau kabisa habari za flashi.

Sasa majuzi nimebadilisha intaneti kwa sababu ile ya zamani bando lilikuwa linaisha kabla ya mwezi kufika katikati. Wakaja vijana wakafunga ruta mpya, inakimbia vizuri, YouTube haikwami. Waya wa kisanduku wakautoa kwenye ruta ya zamani wakauchomeka kwenye mpya, nikajua mambo yameisha. Kesho yake nataka kuediti harusi ya Mikindani, nafungua Z, hamna. Inazunguka weee afu inaniambia Windows haiwezi kuifikia \\192.168.1.50\Harusi, na ile Z yenyewe imewekwa eksi nyekundu. Nimezima kisanduku nimewasha, nimezima ruta nimewasha, nimezima kompyuta nimewasha, hali ni ile ile. Kisanduku chenyewe kinawaka, taa za diski mbili zote kijani na ile ya pale kwenye waya inachezacheza. Kwenye simu pia hakionekani.

Mdogo wangu ndo hivo tena yuko JKT mujibu wa sheria, simu hana, mpaka amalize.

Mume wangu kaniletea fundi wa simu na kompyuta anayemjua yeye. Yule kaka akakizima kisanduku, akachomoa diski moja, akaiunga kwenye laptopu yake kwa kebo ya USB, Windows ikaleta kijidirisha kwamba lazima diski ifomatiwe ndo itumike. Akasema unaona dada, diski imekufa, tufomati afu nitazirudisha kazi zako kwa programu, na bei aliyonitajia ni karibu ninunue kisanduku kingine. Alikuwa keshapeleka mshale kwenye kile kitufe, nikamshika mkono. Namaanisha nilimshika mkono kabisa. Diski nimemwambia airudishe palepale alipoitoa. Sasa mume wangu kanuna, anasema nimemdhalilisha mgeni wake.

Na huku mama mzazi wa bibi harusi kila siku simu, leo nimemwambia kompyuta iko kwa fundi, kesho sijui nitamwambia nini. Kila mtu ana lake, mmoja ananiambia nichukue sindano nibonyeze kile kitundu cha reset nyuma, mwingine anasema ni umeme maana wiki hiyo hiyo ulikatika ukarudi kwa kishindo. Yule kijana wa ruta aliacha kikaratasi amekibandika chini ya ruta kimeandikwa 192.168.8.1 na admin na paswedi, sijui kama kinasaidia chochote. Ruta ya zamani bado ninayo kabatini, nzima.

Kaka, kazi zangu zimepotea? Nikubali tu kufomati? Na huyu mama nimwambie nini?

Mpiga Picha, Chikongola

JIBU

Salama dada yangu, na pole. Hongera pia kwa kumshika mkono yule bwana, maana ule ndo umeokoa harusi ya watu.

Nikujibu la kwanza kabla ya maelezo ili ulale: kwa haya uliyoniandikia kazi zako zipo. Sioni dalili hata moja ya diski kufa. Diski ikifa kisanduku hakikai kimya na taa za kijani, taa inageuka ya chungwa au nyekundu, vingi vinapiga na kelele ya mluzi mpaka majirani waulize. Chako kimetulia, kinasubiri tu kuitwa kwa njia inayofika kilipo.

Kile kijidirisha cha kufomati kimewaliza wengi sana kwahiyo nikieleze kidogo. Windows inasoma diski zilizopangwa kwa mtindo wake, NTFS, exFAT, FAT32 basi. Hivi visanduku ndani yake vinaendeshwa na Linux, mfumo mwingine tofauti na Windows, na diski zake vinazipanga kwa ext4 au Btrfs, mitindo ambayo Windows haiijui hata kidogo. Na Windows ikikutana na diski isiyoijua haina ustaarabu wa kusema siielewi hii, inakwambia moja kwa moja ifomati, yani ifutwe ianze upya. Hata ungempa diski mpya kabisa iliyokaa siku moja tu ndani ya kisanduku kizima, kile kijidirisha kingetokea vilevile. Kwahiyo fundi hakugundua ugonjwa wowote pale, aliona kitu ambacho kila diski ya aina hiyo inaonyesha ikichomekwa kwenye Windows. Simsemi vibaya, pengine kwenye simu ni mkali, ila hapa alikuwa anaingia shamba asilolijua na panga mkononi.

Haya sasa. Dada umeniandikia jibu mwenyewe bila kujua. Soma tena barua yako, kuna namba mbili mle. Z inatafuta 192.168.1.50. Kikaratasi chini ya ruta kinasema 192.168.8.1. Angalia namba ya tatu ukihesabu kwa nukta, huku ni 1 na kule ni 8. Ndo ugonjwa wote huo.

Iko hivi. Ruta ndo inayogawa anwani kwa kila kitu kilichoko nyumbani, simu, kompyuta, runinga. Ruta yako ya zamani ilikuwa inagawa zinazoanza na 192.168.1, hii mpya inagawa 192.168.8. Simu na kompyuta hazina neno, zinapokea anwani yoyote zinayopewa. Lakini mdogo wako alikipa kisanduku anwani ya kudumu kwa mkono, 50, ili Z isipotee kila umeme ukikatika, na alifanya vizuri tu kwa ruta iliyokuwepo siku hiyo. Sasa nyumba nzima imehamia Shangani, kisanduku peke yake kimebaki Ligula na kinasisitiza anwani yake ni ya Ligula. Waya umechomekwa, umeme unapita, ndo maana taa inachezacheza, ila kompyuta ikiita mtu wa mtaa mwingine simu inapelekwa nje kwenye intaneti na huko hamna anayemjua. Wale vijana waliofunga ruta kazi yao waliyotumwa ni intaneti ipande, ikipanda wanasaini karatasi wanaondoka. Kuuliza mama kuna kifaa gani kingine humu ndani kina anwani ya mkono, hiyo haimo kwenye fomu yao.

Na hapa niondoe jambo moja linalowachanganya watu, la kusema mbona YouTube inafunguka kwahiyo netiwaki iko sawa. Intaneti ni kitu kimoja na netiwaki ya ndani ya nyumba ni kitu kingine. Kumbuka Mei 2024, tarehe 12, zile nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, nchi nzima tukakaa tunaangalia simu zinazunguka tu. Siku ile aliyekuwa na kisanduku kama chako nyumbani alikuwa anafungua mafaili yake kama kawaida, maana kutoka kompyuta kwenda ruta kwenda kisanduku ni mita chache za waya, baharini hakuhusiki. Kwako ni kinyume chake, nje kunafika, chumbani hakufiki.

Sasa usiku wa leo fanya hivi, na uzuri wake hubadilishi mpangilio wowote. Toa ruta ya zamani kabatini, iwashe. Haihitaji laini, haihitaji bando, iwake tu. Toa waya wa kisanduku kwenye ruta mpya uuchomeke kwenye ile ya zamani, kwenye tundu lililoandikwa LAN, lile lililoandikwa WAN au lenye rangi yake peke yake liache. Sikiliza ule mlio wa kidude cha plastiki cha plagi kinapoingia, tik, kama hakilii angalia kama kale kajino ka juu hakajavunjika, kakivunjika waya unakaa umelegea na ukipita ukaugusa unakatika unarudi. Kompyuta nayo iunge kwa waya kwenye hiyo hiyo ruta ya zamani na waifai ya kompyuta uizime ili isije ikang'ang'ania ruta mpya. Kama ruta ya zamani ina tundu moja tu la LAN basi lipe kisanduku, kompyuta iunge kwa waifai ya ile ruta ya zamani, jina na paswedi yake kompyuta bado inazikumbuka. Kisha zima kisanduku kwa kitufe chake, kibonyeze ukishikilie mpaka kilie au taa ianze kupepesa, usichomoe tu plagi ukutani, subiri kizime chenyewe afu uwashe. Kipe dakika kama 5, hivi vitu vinaamka taratibu kuliko simu.

Kikishaamka fungua dirisha la mafaili, pale juu panapoandikwa njia ya folda futa kila kitu uandike \\192.168.1.50 ubonyeze Enter. Zile slashi mbili ni zile za kulalia nyuma, kwenye kibodi nyingi ziko karibu na Enter, watu wengi wanaandika zile nyingine za kwenye tovuti inakataa wanadhani kitu kimekufa. Na usihangaike na ile orodha ya Network ya pembeni kushoto kutafuta kisanduku kwa jina, ile ina vituko vyake, ikiona ruta ngeni Windows inajiweka kwenye hali ya Public inajifichaficha, hata kitu kizima kinaweza kisitokee pale. Namba ndo inakwenda moja kwa moja. Ikikuuliza jina na paswedi ni zile alizokuwekea mdogo wako za kisanduku, sio za kompyuta na sio za waifai.

Nategemea hapo utaiona folda ya Harusi. Ukiiona usianze kuediti! Chukua eksteno yoyote yenye nafasi unakili kwanza harusi ya Mikindani yote, afu kazi nyingine ambazo hujawakabidhi wenyewe. Kama ruta yako ya zamani ni zile za kasi ya megabiti 100 utapata kama megabaiti 11 kwa sekunde, yani harusi ya GB 60 inakula kama saa moja na nusu kwa waya, kwa waifai inaweza kuwa zaidi. Zuia kompyuta isilale katikati, iache, nenda kapike.

Ikiwa hujaiona hapo ndo tunaanza kutafuta kwa hatua, na bado hamna haja ya kuogopa. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, Enter, kwenye kile kidirisha cheusi andika ipconfig uone kompyuta imepewa anwani gani. Ikianza na 192.168.1 uko mtaa mmoja na kisanduku, safi. Ikianza na 169.254 maana yake kompyuta imekosa anwani kabisa ikajipa ya kubuni, hapo shida ni waya au tundu, badilisha. Ikiwa bado ni 192.168.8 basi waifai hujaizima. Ukishakuwa mtaa mmoja andika ping 192.168.1.50, hiyo ni kukiita kisanduku uone kama kinaitika. Zikija Reply zenye namba hiyo hiyo ya 50 na maneno bytes na time, kisanduku kiko hai na kinaongea, kilichobaki ni paswedi au Windows yenyewe. Ila hapa kuna mtego, soma mstari mpaka mwisho, kuna Reply inayotoka kwa kompyuta yako mwenyewe inayoishia na maneno Destination host unreachable, hiyo ina neno Reply lakini maana yake hakipatikani. Nimeona watu wanashangilia neno la kwanza tu.

Hakijibu kabisa? Badilisha waya kabla hujabadilisha mawazo. Kwetu huku pwani waya uliokaa karibu na dirisha miaka miwili unapigwa na upepo wa chumvi usiuamini kwa kuutazama, na taa kuwaka hakutoshi, waya wa jozi nne unaweza kuwa na jozi moja imekatika na bado taa ikawaka. Chomeka tundu jingine la ruta. Afu kwenye simu, ukiwa kwenye waifai ya ruta ile ya zamani, kuna apu inaitwa Fing inaorodhesha kila kifaa kilichomo na anwani yake. Pengine mdogo wako alishabadilisha 50 ikawa nyingine, ingawa kwa jinsi Z ilivyoandika sidhani.

Kuna moja la Windows nikutajie harakaharaka kwa sababu linaweza kukukuta kompyuta ikijisasisha: Windows 11 Pro toleo la 24H2, lile la 2024, limekuwa kali, halikubali tena kuingia kwenye kisanduku kama mgeni asiye na paswedi. Na visanduku vya zamani sana vinavyoongea SMB1, ile lugha ya zamani ya kugawiana mafaili kwenye netiwaki, Windows imeshaacha kuiwasha yenyewe tangu 2017, baada ya kile kirusi cha WannaCry kilichopitia humo humo. Ukiona ping inajibu ila folda hazifunguki, dawa ni kutengeneza jina na paswedi halisi kwenye kisanduku na kukisasisha, sio kuilegeza Windows. Kama wewe siku zote unaingia kwa paswedi hii haikuhusu, pita.

Sasa suluhisho la kudumu, maana huwezi kuishi na ruta mbili kila ukitaka faili uanze kuchomoa waya. Njia ziko mbili na mi nakuchagulia ya kwanza. Badala ya kukihamisha kisanduku, irudishe ruta mpya mtaa wa zamani. Ukiwa kwenye waifai ya ruta mpya fungua brauza uandike 192.168.8.1, ingia kwa ile admin na paswedi ya kikaratasi, tafuta sehemu ya LAN au DHCP, utakuta imeandikwa 192.168.8.1, ibadilishe iwe 192.168.1.1. Hapo hapo kuna sehemu ya kusema ianze kugawa anwani kuanzia ngapi mpaka ngapi, weka kuanzia 100 mpaka 200, hiyo usiiruke, la sivyo siku moja simu ya mgeni itapewa 50 na kisanduku kitapotea tena ukaniandikia barua nyingine. Hifadhi, ruta itajizima na kujiwasha, vifaa vyote vitapata anwani mpya vyenyewe. Kirudishe kisanduku kwenye ruta mpya, fungua Z, eksi nyekundu inaondoka. Ile ya zamani uizime uirudishe kabatini, usiziunge mbili kwa waya zikiwa na anwani moja zitagombana.

Shida ya njia hii ni moja, kampuni nyingine zinafunga hiyo sehemu mteja asiiguse. Ukikuta imefungwa usipoteze muda kubishana na huduma kwa wateja. Rudi kwenye ruta ya zamani, fungua brauza uingie kwenye ukurasa wa kisanduku chenyewe, kama ni cha kampuni ya Synology ni 192.168.1.50:5000, kama ni cha QNAP mara nyingi ni 8080 mwishoni, ingia Control Panel, Network, ondoa ile anwani ya mkono uweke ijipatie yenyewe kutoka kwenye ruta. Hifadhi, kihamishie ruta mpya, angalia kwenye orodha ya vifaa vya ruta kimepewa ngapi, na ruta nyingi zina sehemu ya kukitengea anwani hiyo isibadilike. Hapo Z ya zamani itabidi uifute utengeneze nyingine yenye anwani mpya, maana Z haina akili, inakumbuka ile ile iliyofundishwa. Na kama ruta mpya inatoa waifai mbili, moja imeandikwa Guest, hakikisha kompyuta na simu yako haziko kwenye hiyo ya Guest, ile imetengenezwa makusudi isione vitu vya ndani.

Kitundu cha reset sasa. Anayekwambia uchome sindano bila kukuuliza ni kisanduku cha kampuni gani anakubahatisha. Kwenye Synology ukishikilia sekunde 4 mpaka kilie mara moja kinarudisha paswedi ya admin na mipangilio ya netiwaki tu, data haiguswi, lakini ukirudia kushikilia tena baada ya ule mlio unakipeleka kwenye kuwekewa mfumo upya. QNAP ni sekunde 3 kwa ile ndogo na 10 kwa ile kubwa. Ni silaha ya kweli, siku ukisahau paswedi utaihitaji, ila kwa shida yako ya leo haina kazi na mkono wenye wasiwasi hauhesabu sekunde vizuri.

Umeme sio mchawi wako safari hii. Ungekuwa umekiunguza kisingewaka hivyo. Ila kwa jinsi unavyokatika na kurudi ningekushauri uwe na UPS ndogo, ile betri ya akiba, ya kisanduku na ruta tu, kompyuta kubwa iache nje, ili vipate zile dakika za kuzimwa kistaarabu. Na diski mbili zisikupe kiburi. Kama mdogo wako alizifunga kwa RAID 1 maana yake zote zinaandikwa kitu kimoja, ikifa moja nyingine ipo, na faida nyingine ni kwamba hata kisanduku chenyewe kikifa kabisa, mtu anayejua Linux anaweza kuisoma diski moja ikiwa peke yake. Lakini ukifuta faili kwa bahati mbaya linafutika kote kuwili sekunde hiyo hiyo, na mwizi akibeba kisanduku anabeba zote. Kazi ambayo mteja hajachukua iwe pia kwenye eksteno, na eksteno nyingine ikae kwa mtu mwingine, kwa dada yako, kwa mama Masasi, popote pasipo chumba hicho hicho. Fanya hivyo kabla msimu wa korosho haujafika na hela haijatoka minadani, maana ukishafika unajua mwenyewe, harusi zinafuatana na muda wa kunakili hutaupata.

Moja la kuangalia kwa macho: ukikiwasha ukaona taa ya diski moja imegeuka ya chungwa, au ukurasa wake unasema Degraded, yani diski moja haihesabiki tena, inaweza kutokea kwa sababu ya ile chomoachomoa. Kitakuuliza kama kirekebishe. Usikubali mpaka umalize kunakili kazi zako, kurekebisha ni kuikimbiza ile diski nzima kwa masaa mengi bila kupumzika na kama ilikuwa imechoka ndo hapo inaangukia.

Kuhusu mumeo, mwonyeshe zile namba mbili, 1 na 8, kwa kikaratasi, bila maneno mengi. Yeye alileta fundi kwa nia ya kukusaidia, na fundi hakudhalilika, alizuiwa tu kufuta kitu ambacho kurudisha kwake hana uhakika nacho. Mlipe nauli yake.

Mama wa bibi harusi acha habari za kompyuta iko kwa fundi, kila ukimwambia hivyo anasikia video imepotea ila hataki kukwambia. Subiri ufungue folda usiku wa leo, kata dakika moja tu ya pale bibi harusi anapotoka nje au shangazi wanapocheza, mtumie kwa WhatsApp, afu mpe siku ya kuchukua kazi ambayo unaiweza kweli, ongeza na siku za umeme kukatika. Akishaona sura ya mwanae simu zitapungua.

Ukikwama nipigie picha taa zote za kisanduku mbele na nyuma, na ile mistari ya ping yote mpaka mwisho wake, unitumie. Fundi asichomoe diski tena, na kabla ya yote chukua kalamu uandike 1 na 2 kwenye vishikio vya diski zikiwa humo humo, kila moja ijue chumba chake.